Chuo Kidogo ni Talanta: Usiifukie



Kila mwaka majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo yakitoka, simu yangu hupata kazi. Wanaonitumia ujumbe ni vijana ninaowafahamu kutoka parokiani, au tuliokutana kwenye semina za TYCS walipokuwa sekondari. Wengi wana furaha, na mimi hufurahi nao. Lakini kuna ujumbe mmoja ambao haukosekani, hata maneno yakibadilika: "Frateri, nimepata, ila ni chuo kidogo. Mimi nilitaka Mlimani."

Ukimuuliza udogo wa chuo una shida gani, atakwambia hakuna watu, hakuna maisha, hakuna anayekijua. Halafu anamalizia hivi: "Yaani nitasoma tu, nichukue cheti changu, niondoke."

Hilo "nisome tu niondoke" ndilo ninalotaka tuliongee leo. Shahada yangu ya falsafa niliisoma miaka mitatu katika chuo cha namna hiyo. Darasani hatukuzidi 30, mafrateri, masista na walei wachache. Ukitoka getini hadi kantini umeshasalimia nusu ya chuo. Kwa hiyo siongei mambo ya kusimuliwa. Na ninachotaka kusema ni hiki: chuo kidogo ni talanta uliyokabidhiwa. Unaweza kuizalisha, na unaweza kuifukia. Kinachotisha ni kwamba kuifukia ni rahisi sana, maana hakuna atakayekukamata.

Talanta moja ilikuwa kiasi gani?

Mfano wa talanta tunaujua wote (Mt 25:14-30). Bwana anasafiri, anawaachia watumishi mali yake: mmoja tano, mwingine mbili, wa tatu moja. Tunaposoma haraka tunamwonea huruma huyu wa tatu. Masikini, kapewa kidogo! Unafanya nini na talanta moja?

Hebu tupige hesabu. Talanta ilikuwa kipimo cha uzito wa fedha, na thamani yake ilikaribia dinari 6,000. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, kama tunavyoona katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu (Mt 20:2). Mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, dinari 6,000 ni mshahara wa miaka 20. Miaka ishirini! Huyo "masikini" wetu alikabidhiwa mali ambayo kibarua wa kawaida asingeishika mkononi maisha yake yote. Ilionekana ndogo kwa sababu tu aliyesimama pembeni yake alikuwa na tano.

Sasa angalia kosa lake. Hakuwa mlevi. Hakuiba. Hakutapanya mali kama yule mwana mpotevu. Alirudisha fedha kamili, bila kupungua hata senti. Kosa lake ni kwamba muda wote bwana alipokuwa safarini, hakuna kitu hata kimoja kilichotokea duniani kwa sababu yeye alikuwepo. Na sababu aliitoa mwenyewe: aliogopa. Tena aliogopa kwa kuwa moyoni alikuwa amejijengea picha mbaya ya yule aliyempa.

Kijana anayeingia chuo kidogo na hasira ya kukosa chuo kikubwa yuko karibu sana na shimo hilo. Anaweza kuhudhuria vipindi vyote, akafaulu mitihani yote, akarudisha "talanta" kamili siku ya mahafali. Lakini ukiuliza kitu gani kilikuwepo pale chuoni kwa miaka mitatu kwa sababu yake, hakuna.

Udogo una kazi yake

Tusidanganyane, chuo kidogo kina mapungufu. Vitabu vichache, kozi chache, pengine mtandao wa kusuasua. Ukienda Mwenge pale Moshi, Ruaha pale Iringa, Stella Maris Mtwara au Jordan pale Morogoro, hutakuta umati wa Mlimani wala wa UDOM. Lakini kumbuka kwamba hata hiyo Mlimani unayoililia haikuanzia mlimani. Oktoba 1961, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua mlango kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 15, ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Kwaya nyingi za vigango zina watu zaidi ya hao.

Katika falsafa tulisoma Aristotle, na kuna mahali anazungumza kuhusu idadi ya watu. Katika kitabu cha tisa cha Maadili kwa Nikomako anasema kwamba watu kumi hawatoshi kuwa mji, lakini wakifika laki moja si mji tena. Na katika kitabu chake cha Siasa anaeleza sababu: ili watu wagawane kazi na nyadhifa vizuri, lazima wafahamiane tabia. Pasipo kufahamiana, kila kitu kinaendeshwa ovyo.

Nilipoisoma sehemu hiyo niliangalia dirishani nikaona chuo chetu. Pale kwetu mwalimu alikuwa anajua nani anasinzia kwa uvivu na nani anasinzia kwa sababu usiku analinda duka ili apate ada. Katika ukumbi wa watu mia sita, wote wawili ni vichwa vilivyoinama tu.

Mtakatifu Paulo naye anatufundisha kwamba sisi ni mwili mmoja wenye viungo vingi, na kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa zaidi (1Kor 12:12-27). Katika chuo kidogo fundisho hili unaliona kwa macho. Mpiga kinanda ni mmoja, akiugua Misa inaimbwa kavukavu. Msomaji asipofika, mwingine lazima ainuke bila kujiandaa. Hakuna benchi la wachezaji wa akiba.

Kiti kinachoonekana kikiwa kitupu

Nikusimulie mambo mawili niliyoyaona mwaka wangu wa pili. Majina siyataji.

La kwanza ni la dada mmoja wa ualimu, mwaka wa kwanza. Alikuwa mwanajumuiya wetu. Jumuiya yetu ilikutana Alhamisi jioni, na katibu alikuwa kijana mkimya aliyekuwa na tabia ambayo wengine waliicheka: kila wiki aliandika mahudhurio kwenye daftari. Alhamisi mbili mfululizo dada yule hakuonekana. Katibu hakutuma ujumbe kwenye grupu. Alimwomba dada mwingine waongozane, wakatembea hadi gheto alilopanga, kama dakika arobaini kwa miguu. Wakamkuta amefunga begi. Jina lake halikuwemo kwenye orodha ya mkopo, kodi alikuwa anadaiwa miezi miwili, na kwa siku kadhaa alikuwa anakunywa uji tu. Kesho yake asubuhi alikuwa anapanda basi kurudi kwao, na hakuwa amemwambia mtu yeyote. Aliona aibu.

Hatukuwa na hela. Mweka hazina alihesabu kilichokuwepo, hakikutosha hata kodi ya mwezi mmoja. Lakini padre mlezi alikwenda naye kwa mhasibu wakakubaliana alipe ada kidogo kidogo. Mama mwenye nyumba alipoona wanafunzi wanne wamekuja kumwombea mwenzao, akalainika. Chakula tuligawana zamu. Alifanya mitihani yake, akamaliza chuo, na leo anafundisha sekondari.

La pili ni la kijana wa mwaka huohuo wa kwanza. Akili alikuwa nazo, pengine kuliko wengi wetu. Lakini alikuwa anasema waziwazi, "Mimi hapa napita tu." Hakuwa na jumuiya, hakuwa na timu, hakuwa na kundi la kujisomea. Hakuwa na ugomvi na mtu. Muhula wa pili, siku ya mtihani, msimamizi aliita namba yake ya usajili mara mbili. Kimya. Waliokuwemo wakatazamana. Ndipo ikaanza kuulizwa mara ya mwisho kaonekana lini, na hakuna aliyekuwa na jibu. Baadaye tulisikia kwamba alikuwa ameondoka kabla ya Pasaka kwa shida ya ada. Hakurudi.

Sisemi kwamba angejiunga na kwaya basi ada ingelipika. Shida ya fedha ni shida ya fedha. Na sisemi kwamba kosa ni lake. Lakini wote wawili walipita geti moja na kukumbwa na shida inayofanana. Tofauti niliyoiona ni hii: dada yule alikuwa na kiti ambacho kikiwa kitupu mtu anakiona. Kijana yule hakuwa na kiti.

Tangu hapo nikielezwa neno "kushiriki" siwazi kwanza vyeo wala fulana zenye maandishi. Kushiriki ni kuwapa wenzako ruhusa ya kukutafuta ukipotea. Na upande wa pili, ni kukubali kuwa wewe unayefungua daftari, ukaona jina halina alama, ukavaa viatu ukatembea dakika arobaini. Yule katibu hakuwahi kusimama kuhutubia. Hakuna tangazo lililomsifu. Ila kuna mwalimu mmoja leo yuko darasani kwa sababu yeye alikuwa anaandika mahudhurio.

Makerere ya 1943

Labda utasema, sawa, lakini huko kwenye chuo kidogo nitajifunza uongozi gani? Twende kwa mtu tunayemfahamu wote.

Mwaka 1943 kijana kutoka Butiama alifika Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Makerere ya siku hizo haikuwa hii unayoisikia leo. Kilikuwa chuo kidogo kilichopokea vijana wachache kutoka nchi zote za Afrika Mashariki, na hakikuwa hata na mamlaka ya kutoa shahada. Desemba mwaka huohuo kijana huyo alibatizwa, akachagua jina la Julius. Akiwa chuoni alishiriki katika maisha ya wanafunzi Wakatoliki. Na pamoja na wenzake Watanganyika, akiwemo Mkatoliki Andrew Tibandebage na Mwislamu Hamza Mwapachu, wakaanzisha chama kidogo cha ustawi wa Watanganyika, kilichoitwa TAWA.

Hapa kuna jambo zuri sana la kujifunza. Nyumbani Tanganyika tayari kulikuwa na chama kingine, TAA, kilichokuwepo tangu 1929. Vijana wale hawakung'ang'ania chama chao kwa kuwa wao ndio waanzilishi. Wakaungana na kile kilichokuwepo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1953, Mwalimu Nyerere akawa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TAA ikazaa TANU. Yaliyofuata unayajua. Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, na mchakato wa kumtangaza mwenye heri unaendelea.

Sisemi kila katibu wa TMCS atakuwa rais wa nchi. Ninachosema ni kwamba mtu hajifunzi kuendesha kikao siku anayokabidhiwa taifa. Anajifunza kwenye kikao cha watu tisa, ambapo watatu wamechelewa na mmoja anachati. Falsafa inatuambia kwamba fadhila ni mazoea: mtu anakuwa mwenye haki kwa kutenda haki, anakuwa jasiri kwa kutenda ya kijasiri. Mtakatifu Thoma wa Akwino alilipokea fundisho hilo na kulijenga zaidi. Ukitaka kujua kama wewe ni mwaminifu kwa fedha, usisubiri ufike benki. Pokea kwanza kapu la jumuiya lenye sh. 14,000, na siku ya kikao usome hesabu mbele ya watu, ikamilike.

Tena nafasi hizo, katika chuo kidogo, zinakungoja. Katika chuo kikubwa mtu anaweza kumaliza miaka mitatu akitafuta zamu ya kupanga viti. Kwako wewe, ukionyesha tu kwamba unajali, mwezi wa pili umeshapewa funguo za kanisa.

Uanzie wapi?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Chuoni hakuna atakayekuletea jembe chumbani. Lifuate mwenyewe. Haya ni machache ninayowaambia vijana wangu.

*Anza mapema.* Wiki tatu za kwanza kila mtu ni mgeni, hakuna anayemshangaa mtu kujitambulisha. Ukisubiri hadi muhula wa pili, makundi yameshakaa na aibu imeongezeka. Jumapili ya kwanza, baada ya Misa, usikimbilie chakula. Baki. Mtafute padre mlezi, mwambie jina lako, unakotoka na unachosoma.

*Chagua moja, mbili zikizidi.* Moja ya kukulea kiroho, kama jumuiya, kwaya, Legio au Karismatiki. Nyingine ya kuwahudumia wenzako, kama uwakilishi wa darasa, timu ya mpira, klabu ya midahalo au serikali ya wanafunzi. Hizo mbili zitakutosha.

*Omba kazi isiyo na wagombea.* Kila mtu anataka uenyekiti. Ni nani anataka kuandika muhtasari? Nani anataka kufua mavazi ya altareni, kufungua mlango saa kumi na moja na nusu asubuhi, kuwafuata wanaoishi magheto ya mbali? Chukua hiyo. Utajifunza mengi na hutapigiwa kampeni chafu.

*Usiwabague wasio wa dini yako.* Wakati ule Mwapachu na Tibandebage walikaa meza moja. Chuo kidogo hakiwezi kugawanyika vipande bila wote kuumia. Mkatoliki mzuri chuoni ni yule ambaye hata wenzake Walutheri na Waislamu wanamkabidhi simu zao wakienda kucheza mpira.

*Kama chuo chako hakina kikanisa,* itafute parokia ya jirani na jumuiya ya mtaa unaokaa. Wale akina mama wa jumuiya ya mtaa, ukiwazoea, hutalala na njaa. Tena utajifunza kwamba Kanisa si la wasomi peke yao.

*Kama kitu unachokipenda hakipo,* uliza kwanza kama kilikuwepo kikafa, na kilikufa kwa nini. Usianzishe kipya kabla hujajaribu kusaidia kilichopo. Ikibidi uanzishe, watu watano wanatosha.

Tahadhari tatu

Ya kwanza ni ya masomo. Mzazi hajauza mahindi ili wewe uwe mwenyekiti. Umekwenda kusoma, na masomo yako ni wito wako wa sasa mbele za Mungu. Katika chuo kidogo hatari iliyopo ni kwamba mwenye moyo wa kujitolea anabebeshwa kila kitu: yeye mwenyekiti wa kwaya, yeye mwakilishi wa darasa, yeye katibu wa michezo. Mwisho wa mwaka ana sapu tatu na mikono mitupu. Jifunze kusema, "Hapana ndugu zangu, safari hii mtafuteni mwingine, mimi nitamsaidia."

Tufanye hesabu ya saa. Wiki ina saa 168. Lala saa saba kila siku, hizo ni 49. Weka vipindi saa 20, kujisomea saa 30. Kula, kuoga, kufua na kutembea, weka saa nne kwa siku, zinakuwa 28. Jumla ni 127. Zimebaki 41. Nani basi anasema hana muda? Lakini pia, nani anasema anaweza kufanya yote? Katika hizo 41, Misa, sala na huduma zikichukua 10 tu, kwa uaminifu, kila wiki, utaacha alama. Zile nyingine, uzitazame vizuri zinakwenda wapi. Mara nyingi zimo kwenye simu.

Ya pili ni umbea. Kufahamiana kunaponya, lakini kunaweza kuua. Jambo lililotokea hosteli saa mbili usiku, asubuhi kwenye chai limeshafika likiwa na mkia. Ukishapewa nafasi ya kuwajua wenzako, umepewa pia siri zao. Yule katibu niliyemtaja alimkuta dada yule katika hali ile, na chuo kizima hakikujua zaidi ya waliohitajika kujua. Kama si hivyo, dada asingekubali kubaki. Kuutunza ulimi ni huduma.

Ya tatu ni kiburi cha samaki mkubwa kwenye kidimbwi. Kwa kuwa watu ni wachache, ni rahisi kujiona wewe ndiye chuo. Dawa yake ni kumwandaa mrithi. Uongozi wako upimwe kwa mwaka unaofuata, ukiwa haupo. Kama jumuiya imekufa ulipoondoka, basi ulikuwa unajenga jina lako.

Kwa nini tufanye haya?

Wapo watakaokwambia ujiunge na vikundi ili wasifu wako wa kuombea kazi upendeze. Si vibaya, utapendeza. Lakini hiyo siyo sababu yetu. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake kwa vijana wa mwaka 2019, alisisitiza kwamba vijana si watu wa kesho tu. Mungu anawahitaji sasa. Miaka yako mitatu si chumba cha kusubiria maisha. Ni maisha yenyewe. Mungu yumo humo kwenye hicho chuo ambacho rafiki zako wakisikia jina wanauliza, "Kiko wapi hicho?"

Hata Nathanaeli aliuliza hivyohivyo kuhusu Nazareti (Yn 1:46). Kijiji kidogo, hakina jina. Na Bwana wetu alikaa huko miaka kama thelathini, akifanya kazi za mikono na kwenda sinagogi siku ya Sabato kama ilivyokuwa desturi yake (Lk 4:16). Hakuwa anapita tu.

Kwa hiyo wewe uliyepangiwa chuo kidogo mwaka huu, futa machozi, panga begi lako, na usisahau jembe. Ukifika, mtafute mtu mmoja ambaye kiti chake ni kitupu. Na wewe uwe na kiti.

Maswali ya kutafakari (binafsi au katika jumuiya)

1. Nikitoweka chuoni wiki hii, ni nani atakayegundua kwanza, na baada ya siku ngapi?
2. Je, kuna mwenzangu ambaye sijamwona wiki mbili? Jina lake nani, na anakaa wapi?
3. Ni kitu gani kimoja kipo hapa chuoni kwa sababu mimi nipo?
4. Saa zangu 41 zinakwenda wapi?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyekubali kukua katika kijiji kisicho na jina, utusaidie kupenda mahali ulipotupanga. Utuondolee hofu inayotufanya tuzike ulichotupa. Utupe macho ya kuona kiti kilicho kitupu, na miguu ya kwenda kumtafuta aliyepaswa kukikalia. Uwabariki wanafunzi wote wanaoanza mwaka mpya wa masomo, hasa wasio na ada, wasio na rafiki, na wanaoona aibu kuomba msaada. Bikira Maria, Kiti cha Hekima, utuombee. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri